Mgeni Hakuni Nazi

Haya nilihadithiwa na Mwanakombo, yule muuguzi mstaafu anayekaa nyuma ya msikiti, siku tuliyokuwa tukichambua mchele wa arusi ya jirani, mwaka ule mvua za vuli zilipogoma. Yeye mwenyewe alikuwamo ndani ya mambo, na mikono yake ndiyo iliyofungua kile kitambaa mtakachokisikia huko mbele. Nchi yenyewe sitaitaja. Iko mbali sana, ng'ambo ya ng'ambo, na watu wake hawafanani nasi hata kidogo. Mtu akijiona amefananisha, basi ana lake jambo machoni, na dawa ya macho imo humuhumu ndani ya hadithi.

Katika nchi hiyo alikuwako mwanamke mmoja jina lake Sikudhani, aliyekwenda kutafuta maisha katika nchi ya baridi. Kazi yake huko ilikuwa kukanda unga katika tanuri la mikate. Hakuwa amekaa sana. Ndoto zake bado zilikuwa zikizungumza lugha ya kwao, na koti lake la baridi lilikuwa bado linamvaa yeye, yeye hajaweza kulivaa. Basi siku moja, mikono imejaa unga, akapokea habari kuwa mama yake, Bi Mize, anatengenezwa macho.

Bi Mize alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwa miaka alikuwa akitembea kwa kupapasa kuta. Hakuna aliyejali. Mpaka ilipofika Sikukuu ya Kushangilia, akasimamishwa mstari wa mbele pamoja na wazee wenzake, na msafara ulipopita akapiga vigelegele vya kupasua anga, akatandika kanga yake chini, akalia machozi ya furaha. Kumbe lililopita lilikuwa gari la kunyonya vyoo. Mkubwa wa Nchi alikuwa bado yuko nyuma, na alipofika yeye, Bi Mize alikuwa amekwisha kaa chini anapumzika.

Wizarani hapakulalika. Wengine walisema huo ni uasi, wengine wakasema ni macho, na mwisho wakakubaliana kuwa ni macho yenye dalili za uasi. Ikatolewa amri atengenezwe haraka. Sasa, mjue kwamba katika nchi ile ugonjwa ulikwisha kufutwa kwa tangazo la serikali, kwa hiyo hapakuwa na upasuaji. Palikuwa na huduma inayoitwa Marekebisho ya Mtazamo. Mtu aliondolewa ukungu kwa kisu kisichotajwa jina, akafungwa kitambaa machoni, akarudishwa kwake, na siku ya kukifungua ilikuwa lazima kitu cha kwanza atakachokiona kiwe picha ya Mkubwa wa Nchi, ili macho mapya yaanze vizuri.

Bi Mize alimpigia mwanawe simu, akamwambia taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. "Mwanangu, nimekaa gizani vya kutosha. Siku ya kufunguliwa nataka uso wa kwanza uwe wako. Yule mkubwa nitamuona tu, kila ukuta yupo."

Sikudhani akaweka unga chini. Kwenda ni lazima.

*

Lakini huko kwenye baridi mtu hapandi ndege bila bima. Ni lazima awe amekatiwa ya safari na ya matibabu, ili akianguka njiani ajulikane ni mzigo wa nani. Sikudhani akaenda ofisi ya bima, akapokewa na bibi mmoja mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, mwenye upole wa kumtia mtu usingizi.

Bibi akamuuliza anasafiri kwenda wapi. Sikudhani akasema anakwenda nyumbani. Bibi akaisimamisha kalamu. Akamweleza kwa huruma kwamba bima ya safari ni ya mtu anayeondoka nyumbani. Mtu anayekwenda nyumbani hasafiri, anarudi, na kurudi hakuna hatari yoyote. Sikudhani akasema vizuri, basi nyumbani kwake ni hapa. Bibi akatazama tarehe aliyoingia nchini, akatikisa kichwa. Alikuwa hajakaa kiasi cha nyumbani kuwa hapa. Alikuwa kama embe lililovundikwa, linahitaji muda.

Hata hivyo hakutaka kumwacha aondoke mikono mitupu. Akamtolea bima ndogo ya watu wa katikati, akamsomea inachokinga: kushambuliwa na dubu, kufukiwa na theluji, na kuanguka kutoka juu ya farasi. Sikudhani akauliza kuhusu homa ya mbu. Hapana, mbu anajulikana huko, na kinachojulikana hakikingwi. Jua je? Hapana. Maji ya kisima? Hapana. Halafu kulikuwa na mstari wa maandishi madogo uliosema kampuni haitahusika na madhara yoyote yatokanayo na jamaa.

"Nikifukiwa na theluji kijijini kwetu?" akauliza Sikudhani.

"Umekingwa kabisa," akajibu bibi, na uso wake ulijaa fahari. Kisha akamshauri, kama mtu na dada yake, aende ubalozi wa kwao. Nchi yake haiwezi kukosa kumjali mtu wake.

Sikudhani akatoka na bima ya dubu kwenye mkoba, na roho yake haijatulia hata kidogo.

*

Ubalozi wenyewe ulikuwa juu ya duka la dobi, na kila kitu humo ndani, tangu bendera mpaka chai, kilinuka sabuni. Balozi hakuwapo. Alikuwa amelazwa hospitali ya mtaa wa pili kwa sababu ya uchovu. Wakubwa wote wa nchi ile walikuwa na tabia hiyo ya kuchokea ng'ambo. Aliyekuwapo ni Mheshimiwa Tindwa, Msaidizi wa Msaidizi, mtu wa kitambi na tai fupi, na alipomsikia Sikudhani anataja bima ya matibabu ya kwao alisimama wima kama wimbo wa taifa umepigwa.

"Ndugu mwananchi," akasema, "kuugua nyumbani ni kuitukana hewa ya taifa."

Akaendelea kwa muda mrefu. Alieleza kwamba mwananchi akiwa juu ya ardhi yake hawezi kuugua, wahenga wake wamo udongoni wanamshika miguu. Alieleza kwamba hospitali zipo, nzuri, tena zina vitasa vya shaba, lakini zimejengwa kwa ajili ya kufunguliwa. Ile ya wilaya ya kina Sikudhani imefunguliwa na viongozi wengi, na kila aliyeifungua aliifunga vizuri alipoondoka. Kwa hiyo bima ya mwananchi haipo, kwa kuwa haina cha kufanya. Ila, akasema akikohoa, hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia nchini kwa ndege bila bima.

Sikudhani alikuwa mtu wa tanuri, amezoea kungoja kitu kiumuke. Akamwacha mheshimiwa amalize pumzi, ndipo akauliza kwa adabu, "Na mgeni akiugua kule kwetu?"

Tindwa akasema mgeni ni jambo jingine. Mgeni huja na udhaifu wake kutoka kwao, naye huhurumiwa, ndiyo maana serikali imemuwekea Bima ya Mgeni, nene, yenye muhuri wa rangi tatu.

"Basi mheshimiwa, nikatie ya mgeni."

Tindwa akaenda dirishani, akawatazama watu wa chini wakikunja mashuka. Jambo hilo halijawahi kuombwa. Alirudi, akachomoa Sheria ya Ugeni, akaisoma huku midomo ikicheza. Sheria haikusema mgeni azaliwe wapi. Ilisema tu mgeni ni mtu wa namna gani. Mgeni hukaa kiti kizuri cha nyumba. Mgeni huchinjiwa kuku, akamla. Mgeni hashiki kazi yoyote wala habebi kitu. Mwenyeji naye ni yule anayechinja, anayekuna nazi, anayepika na anayesema karibu.

Akamkatia. Lakini akamwonya kwamba akifika tu atakuwa na Mkaguzi wa Ugeni ndani ya nyumba, atamtazama mpaka amle huyo kuku. Akionekana ana dalili za uenyeji, bima imekufa, na mtu asiye na bima hurudishwa kwa ndege ya jioni ileile. Sikudhani akaapa, mkono juu ya tufe la dunia, kwamba yeye ni mgeni kwa mama yake mzazi.

*

Siku aliyofika ndiyo siku ya kitambaa kufunguliwa. Aliingia uani asubuhi, na nyuma yake akaingia Bwana Ngwali, mkaguzi, mtu mrefu mwenye mashavu yaliyoingia ndani kama anayenyonya ndimu. Kwapani alikumbatia picha ya Mkubwa wa Nchi ndani ya mfuko wa mahameli. Wizara ilikuwa inabana matumizi siku hizo, kwa hiyo anayekagua ugeni ndiye huyohuyo anayepeleka picha kwa waliorekebishwa mtazamo. Alijisikia vibaya kuwa na vyeo viwili na jozi moja ya viatu, lakini alikuwa mtumishi mwaminifu.

Bi Mize alikuwa juu ya kitanda cha kamba, kitambaa cheupe kimemzunguka kichwa. Aliposikia hatua akajua ni nani, akanyosha mikono. Sikudhani akapiga magoti, na yule mama akampapasa uso wote, paji, pua, mashavu, akaishia kidevuni.

"Umekonda," akasema. "Haya, vua hilo blanketi ulilovaa, kachukue mbuzi ukune nazi."

Kalamu ya Ngwali ikainuka.

Sikudhani akasimama, akaenda kukaa kwenye kiti kizuri, kile chenye nailoni ambacho tangu utoto wake hakikupata kukaliwa na mtoto wa nyumba ile. Kikalia chini yake kwa mshangao. Akasema anamshukuru mama mwenyeji, ila yeye ni mgeni, na mgeni hakuni nazi.

Bi Mize akageuza kichwa huku na huku kama kuku aliyesikia mlio. Akauliza mgeni wa nani, aliyemnyonyesha mpaka meno yakaota, aliyemuogesha kwenye beseni lile lililoko pale nyuma ya mlango, au lina tundu sasa? Basi akachunguze kama lina tundu, na akitoka huko apite na kuni.

Sikudhani akashika mikono ya kiti. Mnajua ninyi wenyewe, mama akikutuma mwili hunyanyuka kabla ya akili, na wake ulikwisha nyanyuka mara mbili akaurudisha chini kwa nguvu. Ngwali alikuwa akiandika, "Miguu inacheza." Akimwona ameshika hata ufagio mmoja, ndege ya jioni ilikuwa inamngoja, na yule mama pale kitandani atafumbuliwa macho mbele ya sharubu za Mkubwa wa Nchi pichani.

*

Jua likapanda, na hapo ndipo serikali ilipokwama. Ngwali hakuweza kuondoka mpaka mgeni amle kuku. Jogoo alikuwapo, mwekundu, ana kiburi, anatembea uani kama diwani. Lakini nani amchinje? Mgeni haruhusiwi. Mwenyeji amefungwa macho. Majirani wamekatazwa kuingia nyumba inayokaguliwa. Ngwali akaisoma sheria mwanzo mpaka mwisho, akaisoma tena mwisho mpaka mwanzo, na tumbo lake likawa linasoma pamoja naye kwa sauti.

Bi Mize akauliza ni nani huyo anayenguruma. Akaambiwa ni bwana mkaguzi. Akasema kama ana njaa mbona amekaa, yeye mikono hana?

Ngwali akatazama mikono yake. Ilikuwapo yote.

Akafikiri kwamba serikali haiwezi kushindwa na jogoo. Kwanza akaihifadhi picha, kwa kuwa kanuni zilikataza Mkubwa wa Nchi kupata moshi, manyoya au harufu ya kitunguu, wala kushikwa kwa mikono yenye maji. Akaiingiza chumba cha ndani, akailaza, akaifunika kanga ya Bi Mize isipate vumbi. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akamfuata jogoo.

Mwanakombo aliniambia majirani walitazama kupitia matundu ya ukuta na hawajapata kuona maandamano mazuri kama yale. Jogoo alizunguka kisima, mkaguzi nyuma. Alipanda ukuta, mkaguzi nyuma. Alipokamatwa alimdonoa kidole kikatoka damu, na Ngwali, kwa kuwa yeye ni mwananchi na hawezi kuumia, alisema tu kidole kimechoka. Sikudhani alikuwa pale kitini amejiziba mdomo kwa mkoba wenye bima ya dubu, mabega yakitikisika.

Kuanzia hapo Bi Mize akashika usukani. Hakuwa anaona, lakini masikio yake yalikuwa jikoni. Alimsikia Ngwali akikaa juu ya mbuzi, akasikia nazi ya kwanza inavyokunwa, akamwambia asiikwaruze hivyo kama anayesafisha kutu, akune taratibu, na akiona kifuu aache. Akamwambia tui la kwanza aliweke pembeni. Akamuuliza kitunguu kimekuwa rangi gani. Ngwali akajibu ndiyo mama, hapana mama, kahawia mama, na sauti yake ikaanza kulainika, na yale mashavu yaliyoingia ndani yakawa yanatoka nje kidogokidogo. Hakuna aliyemtuma kwa upole namna ile tangu aajiriwe.

Adhuhuri ikafika, naye Mwanakombo akaingia na mkasi na bakuli lake. Katika nchi ile watu wote waliorekebishwa mtazamo hufunguliwa kwa pamoja, king'ora cha wizara kinapolia, ili taifa lizinduke mara moja. Akamketisha Bi Mize vizuri, akalishika lile fundo la nyuma ya kichwa, akangoja.

King'ora kikalia.

Ngwali alikuwa jikoni, tui limempanda mpaka kwenye viwiko, nyoya la jogoo limemganda kwenye nyusi. Akakumbuka cheo chake cha pili. Akatoka mbio mpaka mlango wa chumba cha ndani, akasimama. Mikono ilikuwa inachuruzika tui, na picha haishikwi kwa mikono yenye maji. Akamsihi Mwanakombo angoje. Mwanakombo akamjibu kwamba king'ora si chake, na fundo alikuwa amekwisha lianza. Ngwali akamgeukia Sikudhani.

"Dada, kimbia, iko chumbani chini ya kanga. Ilete."

Sikudhani alikuwa amekwisha kukitoka kile kiti, amepiga magoti mbele ya mama yake, uso kwa uso. Hakugeuka.

"Mimi ni mgeni, bwana mkaguzi," akasema. "Mgeni habebi kitu."

Kitambaa kikaanguka.

Bi Mize akapepesa macho. Machozi yakatoka kwanza, kisha ukungu, kisha taratibu sura ikajipanga mbele yake, paji, pua, mashavu. Akaitazama mpaka Sikudhani akaanza kuogopa.

"Mikono yangu imenidanganya asubuhi nzima," akasema mama. "Umenenepa, mwanangu. Umependeza."

Wakakumbatiana wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Mwanakombo naye akalia ndani ya bakuli lake la pamba, ingawa kanuni hazikumruhusu. Baadaye Bi Mize akaona kitu cha pili cha maisha yake mapya, mtu mrefu mlangoni, anadondosha tui, ana nyoya usoni.

"Na huyu?" akauliza. "Ndiye mkwe? Mbona hukuniandikia kama anajua kupika?"

*

Ngwali alikuwa amekaa kizingitini, uso umemsawajika. Ripoti yake ilikuwa inamtaka aseme mambo mawili: mwananchi ameona nini kwanza, na mgeni ni mgeni kweli? Jibu la kwanza lilikuwa la kumfukuzisha kazi. Akaifungua Sheria ya Ugeni kwa vidole vya tui, akaisoma polepole. Mwenyeji ni yule anayechinja. Akakitazama kidole chake. Anayekuna nazi. Akaitazama mikono. Anayepika. Jikoni kuku alikuwa anatokota, na harufu yake ilikuwa inamtoa mtu machozi.

Akasimama, akakohoa, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Karibuni chakula," akasema.

Basi ikawa imetimia. Mwenyeji wa nyumba ile alikuwa Bwana Ngwali, kwa mujibu wa sheria, na wengine wote waliokuwamo ni wageni. Bi Mize akauliza hata yeye? Hata yeye, mama. Na picha huonyeshwa wananchi, sheria haina neno juu ya wageni, wao hutazama wanachopenda. Ngwali akachomoa ule muhuri wa rangi tatu, akamgongea Sikudhani, akamgongea na Bi Mize, na mama huyo akakatiwa bima nene ya mgeni palepale nyumbani kwake alikozaliwa.

Bi Mize akauliza maana yake nini. Sikudhani akamweleza kwamba sasa anaruhusiwa kuugua. Yule mama akafikiri, uso ukamchanua.

"Basi andika na goti," akamwambia Ngwali. "Hili la kushoto. Limeniuma tangu serikali ya kwanza, nimelinyamazia."

Ngwali akaandika goti. Akaandika na mgongo, na kizunguzungu cha asubuhi, na kikohozi kimoja cha zamani. Kisha wakala. Wali ulikuwa umeshika kidogo chini, lakini hakuna aliyesema, maana wageni wana adabu.

Joto la mchana likateremka juu ya nyumba. Mwanakombo akasinzia palepale mkekani, bakuli mapajani. Sikudhani akalala ubavuni mwa mama yake, koti la baridi amelifanya mto. Bi Mize hakutaka kufumba macho, alikuwa anamtazama mwanawe tu, anavyopumua, anavyochezesha mdomo usingizini kama alivyokuwa mdogo. Na mwenyeji halali kabla ya wageni wake, kwa hiyo Ngwali akakaa, akawafukuzia nzi kwa Sheria ya Ugeni, akamngoja mama asinzie. Mwisho macho mapya yakachoka kwa furaha, yakajifunga yenyewe. Ngwali akasugua sufuria, akalifunika tui lililobaki, akarudisha mlango taratibu usilie. Halafu akajinyosha kizingitini, kidole chake kilichochoka juu ya kifua, na naye akalala.